Moja Kati ya Kumi: Maisha ya Ryan Opicho Masinde, 1990–2025

Waliokuwepo siku ya Alhamisi, tarehe 4 Septemba 2025, katika nyumba ya ghorofa ya nne huko Kware, walikuwa mkewe Nakhumicha, binti yao Shirleen wa miaka sita, aliyekwisha kuvaa sare ya shule, mtoto wao Masinde wa miezi minane, mgongoni mwa mama yake, jirani wa mlango wa pili Walter Obonyo, aliyekuja pekupeku alipoitwa, na Hibaq, muuza maziwa wa pale chini, aliyepanda ngazi zote na kibuyu cha maziwa mkononi kwa kuwa hakukumbuka kukiweka chini. Mbele yao, saa moja na dakika ishirini asubuhi, Ryan Opicho Masinde alituacha.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Mei 1990, katika hospitali ya Pumwani, mtoto wa pili wa hayati Mzee Masinde, fundi wa reli, na Mama Nasambu, ambaye tunaye hapa leo, akalelewa katika nyumba za reli Makongeni, ambako mama yake anakumbuka kwamba alikuwa akiwasha na kuzima redio ya baba yake asubuhi nzima, si kwa utundu, bali alitaka kujua kama itawaka kila mara.

Alisoma shule ya msingi mtaani hapo Makongeni kuanzia mwaka 1997 hadi 2004, akaendelea na shule ya upili huko Webuye, akamaliza mwaka 2008, kisha akarudi Nairobi na kupata stashahada ya kompyuta mwezi Novemba 2011.

Mwaka 2012 aliajiriwa katika duka la saiba, yaani la kukodisha intaneti, huko Buruburu, akiwachapia watu barua na kuwatengenezea kompyuta, na ni hapo alipokutana na programu huria, yaani programu zinazoandikwa na watu wengi wa nchi nyingi na kutolewa bure kwa yeyote, ambazo ndizo zinazoendesha zile kompyuta kubwa za mbali zinazotunza faili za wagonjwa, matokeo ya mitihani na picha za watoto wetu. Mwezi Machi 2016 aliwatumia watu hao sahihisho lake la kwanza, na mwaka 2019 wakampa kazi rasmi, ya kufanyia nyumbani.

Kwa kuwa wengi wetu hatukuielewa kazi hiyo, inafaa ielezwe. Programu hizo hufungwa katika vifurushi, na kila mtu anapobadilisha hata mstari mmoja, kompyuta hukijenga kifurushi upya, hukiweka mahali patupu pasipo na kitu kingine, na kukijaribu, kikipita huonyesha rangi ya kijani, kikianguka huonyesha nyekundu, na Opicho ndiye aliyekuwa akilinda mlango huo, asiruhusu chekundu kiwafikie watu. Kompyuta yake ilinguruma juu ya meza mchana kutwa na kuipasha nyumba joto, hata Walter akawa akipita mlangoni anauliza, "Opicho, hiyo kuku yako imeangua ngapi leo?" naye anamjibu bila kugeuka, "Kumi na mbili wazima, Walter, na yai viza moja." Kaka yake mkubwa Patrobas, anayewasomea historia hii, aliwahi kumuuliza mbele ya wageni ni lini atatafuta kazi, jambo ambalo limemuuma wiki hii, na ni yeye mwenyewe aliyeomba liandikwe, akasema kwamba atalisoma.

Tarehe 9 Desemba 2017 alifunga ndoa na Nakhumicha kanisani Bumula, na Mungu akawajalia watoto wawili, Shirleen, aliyezaliwa tarehe 21 Juni 2019, na Masinde, aliyezaliwa tarehe 3 Januari 2025 na kupewa jina la babu yake. Nakhumicha alikomea darasa la nane, na alidhani kazi ya mumewe ingekuwa ukuta kati yao, lakini Opicho alikuwa akitafsiri kwa Kiswahili maelekezo ya kuweka kila kifurushi, anamketisha mbele ya kompyuta tupu na kumwomba afuate yaliyoandikwa tu, neno kwa neno, huku yeye ameikalia mikono yake mwenyewe ili asije akamsaidia. Pale Nakhumicha alipokwama, hakuambiwa hata siku moja kwamba hakuelewa, aliambiwa, "Hujaanguka wewe mama Shirleen, yameanguka maelekezo," na maelekezo yakasahihishwa, na chini yake, palipoandikwa majina ya waliopima, Opicho akaliandika jina la mkewe. Lipo mahali arobaini na moja.

Mwezi Aprili mwaka huu, akipandisha mtungi wa maji, Opicho alishikwa na maumivu ya kifua akaketi kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, yakapita, na badala ya kuingia nyumbani alishuka hadi chini, akapanda tena mikono mitupu, akamwambia mkewe mlangoni, "Umeona? Nimepita." Ikawa ndiyo desturi yake, maumivu yakija hungoja yaondoke, kisha hupanda ngazi upya, na akifika juu salama huhesabu kwamba ni mzima. Tarehe 12 Juni alikubali kwenda kupimwa, lakini siku hiyo hakuwa na maumivu na moyo ulionekana unapiga vizuri, na daktari, kwa upole ambao familia haitausahau, alimweleza kwamba ugonjwa unaokuja na kwenda hukamatwa ukiwepo, akamwandikia kwa herufi kubwa arudi saa ileile yatakapomshika, hata kama ni usiku. Karatasi hiyo ilibandikwa ukutani juu ya kompyuta. Mwezi Julai maumivu yalirudi mara mbili, naye akayangoja yapite.

Mwezi Agosti, kulikuwa na kifurushi kimoja cha kutunzia data kilichopaswa kutolewa tarehe 1 Septemba, na katika majaribio kumi kilipita tisa na kuanguka moja, lakini si lilelile kila mara. Wenzake walichoka kungoja, na Abdijabar, rafiki yake wa kazini aliye Garissa, alimpigia simu akamwambia, "Boss, rudia tu, itapita, twende nyumbani." Opicho alimjibu, na Nakhumicha alikuwa pale akimnyonyesha mtoto, akasikia kila neno, "Ikianguka moja kati ya kumi, imeanguka. Hiyo moja itamwangukia mtu, Abdi." Akakizuia. Simu ilipokatika, Nakhumicha alimwonyesha karatasi ya daktari ukutani, akamrudishia maneno yake yaleyale, kwamba na yeye pia ameanguka, arudi akapimwe. Opicho alicheka kidogo, akamshika mtoto, akaahidi kwenda Ijumaa tarehe 5. Alhamisi asubuhi aliteremka kuchukua maji, akapanda, akaweka mtungi jikoni, akaketi, na mara hii maumivu hayakuondoka.

Familia inamshukuru yule daktari, ambaye alikuja mwenyewe nyumbani Jumapili na kuketi na wajane wawili, mama na mkaza mwana, inamshukuru Walter, ambaye tangu siku ile amepandisha maji ya nyumba hiyo kila alfajiri na kuyaacha mlangoni bila kubisha, inamshukuru Hibaq, anayempeleka Shirleen shule na kumrudisha, inawashukuru majirani wote wa ploti, na wenzake wa kazini kutoka nchi kumi na nne walioandika rambirambi, ambazo Shirleen amesomewa.

Inamshukuru pia Abdijabar, aliyefika Kware juzi Jumatano tarehe 10, ikiwa mara yake ya kwanza kuiona nyumba ambayo alizungumza nayo miaka sita. Aliketi kwenye kiti cha pembeni, akamwachia Nakhumicha kile cha Opicho, wakafuata maelekezo pamoja, neno kwa neno, wakianza majaribio kumi ya kile kifurushi alichokizuia. Yalipita sita, la saba likaanguka. Nakhumicha alimtazama aone kama atarudia. Abdijabar aliondoa mkono kwenye meza, akasema, "Wacha hivyo, shemeji. Imeanguka," akafuta machozi kwa mkono wa shati.

Baba Shirleen, pumzika sasa, ngazi zimekwisha. Kile kifurushi ulichokizuia bado kimezuiwa.