Sufuria Bila Kifuniko

Upepo mkavu wa vuli uliingia Hanoi Jumamosi, na mpaka leo Alhamisi Mzee Khiêm hajatia kitu kinywani zaidi ya maji ya uji. Supu ya tambi ya dukani aliisukuma kando kwa kidole kimoja. Daktari kasema ikifika kesho hali ni hiyohiyo, atalazwa atundikiwe dripu. Basi mkwewe, Nhàn, ambaye kwa miaka ishirini na mitatu ya ndoa hajawahi kupika supu hiyo (nani ahangaike na kitu kinachouzwa kila kona?), alinunua kilo nne za mifupa ya ng'ombe, na alfajiri akabandika sufuria kwenye jiko la makaa la Bi Lụa, muuza kahawa wa mdomo wa kichochoro. Gesi haibabui tangawizi ikanukia. Tatizo ni kwamba jiko lile lina benchi, na benchi lina wenyewe.

— Maji ya kwanza umemwaga? aliuliza Profesa, fundi pikipiki mstaafu.

— Nimemwaga.

— Ungemwaga mara tatu.

— Hiyo sasa ni kufua, alisema Nhàn, akiengua povu.

Jenerali, ambaye jeshini aliendesha lori, akasogeza kigoda.

— Shemeji, bila minyoo ya baharini iliyokaushwa, hapo unachemsha maji ya kuogea.

— Imo. Sita.

— Sita! Mzee anaumwa jamani, hajafunga!

— Na mifupa ni ya mguu upi? alidakia Profesa.

— Wa ng'ombe.

— Cheka tu. Ng'ombe hulalia ubavu wa kushoto, uboho wote unateremkia huko. Kama umeuziwa mguu wa kulia, umepigwa.

— Nani kakwambia?

— Fizikia.

— We fizikia ulikutana nayo wapi, kwenye plagi? aliuliza Bi Lụa, akimimina kahawa.

— Hayo yote si kitu, alisema Jenerali, akishusha sauti. Supu inasikia. Mkibishana karibu yake, inachafuka.

— Basi nyamazeni! alisema Nhàn.

Wakapiga funda moja la kahawa, wakaanza upya.

Nhàn akaenda bombani kuosha majani ya vitunguu. Aliporudi, sufuria ilikuwa na kifuniko, na kifuniko kinacheza ngoma.

— Nani kafunika?

— Upepo huu, shemeji, alisema Jenerali. Niliogopa vumbi.

Nhàn akafunua. Supu iliyotokota taratibu tangu alfajiri, angavu kama chai, ilikuwa imechemka kwa fujo hadi rangi ya maji ya kudekia.

— Mwaga, alisema Profesa kwa sauti ya msibani. Uanze upya kesho.

— Kesho ni dripu.

Hakumwaga. Alipunguza makaa, akamkabidhi Jenerali ncha mbili za kitambaa cheupe, akamwambia akitetemeka atamchuja na yeye. Akachuja mara moja. Akachuja ya pili. Ya tatu, hata Profesa alikuwa ameshika ncha, na hakuna aliyetaja fizikia. Supu haikurudi kuwa chai, lakini alipoichota kwenye bakuli, ua la bluu lililochorwa ndani, chini kabisa, lilianza kuonekana.

— Kelele zenu zinafika mpaka kitandani, ilisema sauti nyuma yao. Na harufu pia.

Alikuwa Mzee Khiêm, koti juu ya pajama, mkono ukutani.

Hakuna aliyethubutu kumshika. Nhàn alimpa bakuli kwa mikono miwili. Mzee akapuliza, akaonja. Akaonja tena.

— Chumvi mmetia?

Profesa akamtazama Jenerali. Jenerali akachungulia kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo. Bi Lụa akageukia barabarani.

Mzee Khiêm alivuta kigoda kwa mguu, akaketi, akanyoosha bakuli.

— Basi leteni. Na tambi zije.