Nilifunga Siku Tatu Nipewe Nafasi ya Atupele

Bwana asifiwe, wapendwa. Kamwene. Mnaonijua mnajua sioni haya kusema, basi niseme: nilikuwa na wivu mpaka usingizi unaniruka.

Nafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kufungasha parachichi, huku Nyololo. Miaka mitatu nimesimama kwenye sinki la kuoshea matunda, na baridi ya Mufindi mnaijua, vidole havisikii kitu mpaka jioni. Akaja Atupele, binti wa Kinyakyusa kutoka Mbeya. Mwezi wake wa pili tu kazini, supavaiza wetu akamtoa majini, akampeleka stoo ya maboksi. Pakavu, kuna kiti, kuna na jiko la mkaa. Ndugu zangu, roho iliniuma! Nikimwona anapita na sweta lake kavu, nasonya. Nikawaambia wenzangu, "Wengine wanapandishwa kwa sketi." Wakacheka, nami nikafurahi walivyocheka.

Akaanza kukonda. Akaomba arudishwe majini, akakataliwa. Nikasema anaringa, anataka abembelezwe.

Halafu nikafunga. Siku tatu bila chai wala ugali, namwomba Mungu ile nafasi iwe yangu. Wiki iliyofuata Atupele akarudi kwenye sinki, mimi nikaitwa stoo. Nilipita mbele yake shingo juu. Akanishika mkono wa sweta, akasema, "Dada, usikubali supavaiza afunge mlango." Nikamjibu, "Wivu huo."

Siku ya nne mlango ulifungwa. Supavaiza akanibana kwenye maboksi, akaniziba mdomo, akaniambia kiti kile hakikaliwi bure. Ndugu zangu, ndipo nikajua yaliyokuwa yanamkondesha yule binti. Sauti haitoki, nikamwita Yesu moyoni. Mara mlango ukagongwa kwa ndoo, kwa fujo, mpaka yule bwana akafungua. Ni Atupele. Aliona mlango umefungwa, akawaita wamama wote wa sinki, wamesimama nyuma yake mikono inachuruzika maji.

Siku hiyohiyo tulikwenda wote kwa mwenye kiwanda. Supavaiza ameondolewa, kesi iko polisi. Mlango wa stoo tumeung'oa, na hakuna mwanamke anayepangwa kule peke yake.

Atupele amekaa benchi la nyuma. Maneno yangu niliyasema mbele ya watu, basi na msamaha nauomba mbele ya watu. Dada, nisamehe. Na nikiri, hata leo nakuonea wivu, maana moyo wa kumgongea mlango mtu aliyekuchafua jina mimi sina.

Namshukuru Mungu aliyeniokoa bila kustahili. Mtumainini, ndugu zangu. Na dada akikwambia yanayomkuta kazini, au ukimwona anakonda na kuomba kutoka, mwamini siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa mwezi mzima, na mwezi wote huo Atupele alikuwa ndani na yule mtu, peke yake.