Mhudumu Aliyetulisha kwa Makosa

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya kubeba sinia, mhudumu mkongwe kuliko wote katika mgahawa wetu wa piza anastaafu. Wateja wa mchana, watu wa ofisi za mtaa huu, wanamwita Jirani, kwa sababu ukiagiza piza kwake unaletewa ya meza ya jirani. Sisi wa jikoni tunamwita Kaka. Mimi ni mpishi wa tanuri, nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na nimepewa jukumu la kumsifu. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kuhudumia chakula cha mchana, na hapo hapo akabaki. Waliokuja nyuma yake wamekuwa wahudumu wakuu, mmoja amefungua mgahawa wake. Yeye bado anauliza meza ya nne iko wapi. Hajawahi kuandika oda. Daftari alipewa, akalikunja na kulitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Tuseme ukweli, meza hiyo haijayumba tena. Kwa ulimi mtamu, hata hivyo, hana mpinzani. Wakili mmoja aliagiza uyoga akaletewa nanasi, akaja juu kweli kweli. Dakika tano baadaye wakili ndiye aliyekuwa akiomba radhi.

Kwa waliokuja juzi, nieleze utaratibu wa zamani. Mzee mwenye mgahawa, Mungu amrehemu, alikuwa na mkono wa birika. Wafanyakazi hawakupewa chakula. Tulichoruhusiwa kula ni piza iliyokosewa tu: mteja akiikataa, inarudi jikoni, inawekwa kwenye rafu juu ya tanuri, tunaigawana. Siku isiyo na kosa tulikunywa maji na kunusa.

Sasa, kila siku ikikaribia saa saba, Kaka alikosea. Kwa kawaida mara mbili, na akiona jikoni kuna mgonjwa, mara tatu. Nilipokuwa na mimba ya binti yangu, makosa yote yalikuja na jibini tele. Mimi na akili zangu nikadhani nina nyota.

Makosa hayo yalimgharimu. Mengi Mzee hakuyaona, lakini aliyoyafuma aliyaandikia barua za onyo, na ya tatu ndani ya mwaka mmoja ilikuwa ya kufukuzwa. Kaka ana watoto wanne, na karibu kila mwaka, kabla ya Agosti, alikuwa na barua mbili. Mwaka wangu wa sita Mzee alichoka. Saa saba kasorobo aliketi kama mteja, barua ya tatu ikiwa mfukoni, akaagiza piza ya uyoga, bila vitunguu, zeituni upande mmoja tu, kingo zikauke kidogo. Jikoni tulishikana mikono. Dada wa kuosha vyombo alianza kabisa kumlilia.

Piza ilifika ya moto, zeituni upande mmoja. Si hiyo tu: mchana ule wateja wa meza zote kumi na mbili walipata walichoagiza. Mzee akala, akafuta mdomo, akaondoka na barua yake. Rafu ikabaki tupu. Kaka akaja akasimama mlangoni pa jikoni, sinia kifuani, hawezi kututazama. "Jamani, mnisamehe. Leo mtashinda na njaa."

Ndipo nikaelewa, miaka sita mizima nikiwa nakula tu. Nililia juu ya unga wa watu.

Lakini nisimfanye malaika. Miaka minne iliyopita bosi wetu wa sasa, binti wa Mzee, aliamuru kila mfanyakazi apewe chakula cha mchana. Tukakaa mkao wa kumwona yule mhudumu hodari aliyejificha siku zote. Siku ya kwanza alimpelekea nyama mteja asiyekula nyama, na bibi harusi mtarajiwa akapata piza ya mkutano wa mafundi bomba. Nilipomuuliza, alisema mkono umeshazoea. Mazoea yana taabu. Katika makosa yale ya zamani, mangapi yalikuwa huruma na mangapi yalikuwa usahaulifu mtupu, sijui, na nikimuuliza anacheka tu.

Wiki iliyopita bosi alinipa faili lake nitafute mafanikio ya kuandika hapa. Hakuna hata cheti. Kuna barua arobaini na tatu, zote za onyo, kila moja na tarehe yake. Nimezisoma zote. Siku zote hizo, jikoni tulikula. Nimemwomba bosi karatasi hii iingie humo, iwe juu kabisa, naye amekubali.

Nenda kapumzike, Kaka. Uishi sana, magoti yapone, na tafadhali usimsaidie wifi kupakua.

Tumeshiba. Asante.