Jina Nililoliandika Upande wa Marehemu

Ryan mwanangu, zima hiyo televisheni, na wewe Anjali mkwe wangu sogeza kiti, maana nina kosa ambalo padri nimekwisha kumwungamia ila ninyi bado: kwenye ile karatasi ninayompa ya kuombea watu, walio hai upande huu na marehemu upande ule, jina la binti yangu Elieshi, mzima, anayekula na kucheka huko Dalston, London hii hii, kwa miaka saba nimeliandika upande wa marehemu kwa mkono wangu huu, nikasimama na mshumaa nikimsikia padri akimwombea mwanangu pumziko la milele, nami nikaitikia amina.

Nipandishie mto. Si hivyo. Basi, acha.

Sababu mnaijua. Alimpenda Orhan, Mturuki, nami nikamwambia mzao wa Kapteni Stamatis haolewi na Mturuki. Akanicheka: "Baba, kapteni wako ana karibu miaka mia mbili kaburini, na Orhan yuko chini kwenye mvua anatafuta pa kuegesha gari. Nimwambie nini?" Nikasema, mwambie aendelee kutafuta. Akashuka ngazi, hakupanda tena. Juzi mlipompa habari ya ugonjwa wangu akajibu kwamba atakuja na mumewe au haji kabisa, na tangu juzi nagaagaa kwenye kitanda hiki sijampa jibu, na daktari amesema siku zangu si nyingi.

Sikilizeni basi habari za huyo kapteni, safari hii mpaka mwisho. Baba yangu, yule Mgiriki msimamizi wa shamba la mkonge kule Moshi aliyemwoa bibi yenu Mchaga, alinisimulia kwamba Stamatis alikuwa mchunga mbuzi kule Ugiriki, na siku askari wa sultani wa Kituruki walipompiga babake fimbo kwa ajili ya kodi mpaka mzee akafa, alikimbilia milimani na ndugu zake wawili, akashuka baada ya miaka kumi ana watu mia tatu nyuma yake, na Wagiriki walipoinuka kuuondoa utawala wa Waturuki, yeye ndiye aliyeizingira ngome ya mji wao miezi mitano, yeye na watu wake wakila majani kama mbuzi, mpaka Waturuki waliokuwa ndani wakakubali kutoka. Hapo ndipo wewe Ryan na dada yako mlipozoea kupiga makofi mkiwa wadogo. Nami hapo ndipo nilipokuwa nanyamaza.

Alikuwa amewaapia, mkono juu ya Injili, kwamba watapita salama. Lango likafunguka, wakatoka wanawake na watoto na wazee, watu wake wakawarukia kwa visu, naye juu ya farasi, mwenye sauti ya kusimamisha jeshi, hakutamka neno. Alipewa cheo, alipewa mashamba, akaimbwa harusini, na miaka thelathini iliyobaki hakupokea komunyo, akisimama nje ya kanisa hata theluji ikimwangukia, na mkewe alipomsihi aingie alijibu, "Ndani kuna kile kitabu nilichokishika." Baba alinipa hadithi nzima ili niogope. Mimi nikachukua nusu, nikaringia.

Maji kidogo, Anjali. Wewe, binti wa Kisingasinga kutoka Southall, uliponiamkia kwa Kiswahili cha Nairobi alichokufundisha bibi yako, nilikupikia pilau siku hiyo hiyo, dini sikukuuliza. Kwa hiyo sikuwa nalinda imani, nilikuwa nalinda sifa. Mungu anisamehe.

Flati hii ni ya Ryan na dada yake, nusu kwa nusu. Picha takatifu ya Bikira Maria mpeni Elieshi. Kile kisu cha kapteni kishusheni ukutani, mkipeleke makumbusho wakikitaka, lakini anayekipokea aelezwe yote, hata ya langoni. Nizikeni kwa sala za kanisa letu la Kiorthodoksi, bila hotuba.

Siku tatu hizi natunga masharti. Aje peke yake kwanza. Mume akae chini asubiri. Kapteni angalau alijua alichokosa... mimi bado nabishana na Mungu hapa kitandani.

Fungua dirisha. Baridi? Acha iingie.

Mungu awape usingizi mzuri, wanangu, na watoto wasiowaogopa... na mikono yenu... imenichosha hii pumzi.

Ryan. Usilie, chukua simu. Mwandikie dada yako waje wote wawili.