Neno BADO ku Tiyo za Minova

Bazazi, majirani, na bote benye mulifika hapa Muhumba kulia pamoja na sisi, mimi ni Isidore, mudogo wa marehemu, jamaa ndiyo ilinituma nisome maisha yake.

Citoyen Murhula, mwenye nyumbani hatukuacha kumwita na jina la batizo, Polycarpe, hata kisha serikali kulikataza, alizaliwa Katana tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 1928, mutoto wa kwanza wa papa Léopold na maman Anne-Marie, alisoma ku mission mpaka 1942, na mwaka wa 1947 akaanza kazi ya kupakia kamiyo, zile gari za muzigo, hapa Bukavu. Tarehe 6 mwezi wa nane 1952 alioa maman Constance, Mungu akawapa batoto sita, na Jeanine, mukubwa wao, leo iko infirmière, anatunza bagonjwa.

Kazi yake ilikuwa kufunga tiyo za chuma, zile za kupeleka maji, alikuwa anapanga kabari za miti huku na huku zisibiringike, anapitisha minyororo mine, anagonga kila tiyo na nyundo ili asikie yenye inacheza, na kama hajamaliza anaandika BADO na chaki ku tiyo ya nyuma, na hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuifuta. Sisi bashofere tulikuwa tunamucheka, tunamwita Papa Bado, zaidi sababu alikuwa anatuomba tusimame kisha kupita kilometa kumi tukaze tena, maana muzigo ukishajikalia, munyororo unalegea.

Hapa karatasi yenye ninasoma inasema ya kama tarehe 17 mwezi wa nane 1976 alifukuzwa sababu ya uzembe. Ndugu zangu, hii karatasi niliandika mimi, na ni uongo. Ile asubuhi nilikuwa shofere wake, nilitaka kufika Minova mapema, yeye alikuwa ameshafunga minyororo mbili, akaingia depo kutafuta ingine mbili, nami nikafuta BADO na mukono wa shati yangu, nikaondosha gari. Ku kona ya Mudaka tiyo moja ikaanguka, ikavunja muguu wa maman Emérence, mwenye alikuwa anauzisha sambaza, zile samaki ndogo za ziwa, pembeni ya barabara, na leo amekaa hapa mbele na fimbo yake. Walipouliza ku biro, nilisema kaka aliniachia gari tayari, yeye akanitazama tu, akanyamaza, sababu bibi yangu alikuwa na mimba. Akamaliza maisha yake akiwa zamu, mulinzi wa usiku na muchana, ku mulango wa villa moja, hapa hapa Muhumba, nami nilikuwa nakuja kula kwake kila siku ya mungu kisha misa, bila haya.

Tangu mwezi wa sita 1984 aliugua ini, alilazwa mara tatu, akatuacha tarehe 3 mwezi wa pili 1985. Ku kitanda yake ya hospitali niliungama yote, akaniuliza tu kama siku hizi ninasimama kisha kilometa kumi, nikasema ndiyo, na hata hiyo ilikuwa uongo.

Tunashukuru badaktari na masoeur benye walimutunza, majirani, na bapakiaji wote benye walifanya kazi naye. Maman Emérence, miaka nane ulimunyima kaka salamu, mwenye alistahili kunyimwa ni mimi. Na zile kamba za kushusha sanduku, tafazali muziangalie tena mbele ya kuteremusha, mimi musinipe hata moja.

Lala na amani, kaka Polycarpe, leo tutaenda polepole.