Komeo la Ndani: Maisha ya Brigitha Wendelin

Ndugu, majirani na nyote mlioacha mpunga shambani ili mje kumsindikiza, tulieni kidogo tuwasomee maisha ya mama yetu Brigitha Wendelin kabla hajatolewa hapa nyumbani Lipangalala.

Brigitha alizaliwa Katindiuka tarehe 8 Septemba 1981, mtoto wa pili wa Mzee Wendelin na Mama Luciana, na tangu utotoni alijulikana kwa kucheka kabla hajamaliza kusimulia kilichomchekesha. Alianza shule ya msingi mwaka 1990, akamaliza mwaka 1996, akajifunza ushonaji kwa masista, na kuanzia mwaka 1999 alishona Kibaoni, barazani kwa marehemu Mzee Mudathiri mwenye duka, baba yao Abdulnasir, ambaye yuko nasi leo, na Salha, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kumtungia uzi kwenye sindano.

Tarehe 17 Julai 2004 alifunga ndoa na Nazari, mkata miwa kutoka Songea, wakahamia Kidatu, wakajaliwa watoto wawili, Justa, aliyezaliwa mwaka 2008, na Jofrey, aliyezaliwa mwaka 2012. Nazari alifariki Novemba 2018, na baada ya msiba ule Brigitha alianza kusikia watu wakimwita kutoka ndani ya miwa, akawa anawajibu, mwanzoni kwa sauti ndogo, baadaye kwa kupiga kelele, mpaka mdogo wake Octavian akawafuata yeye na watoto na kuwarudisha Ifakara.

Alitibiwa, akapata nafuu, akaumwa tena, na mwaka 2023 Justa aliacha shule akiwa kidato cha pili ili amwangalie, lakini mvua za mwaka uliofuata zilipoanza mama alitoka peke yake kuelekea mto Lumemo, akakutwa maji yakiwa yamemfika kifuani. Kwa hofu ile familia ilimpeleka, Juni 2024, kwenye nyumba ya matunzo ya wagonjwa wa akili iliyoko pembezoni mwa mji, ambako alimkuta Salha, naye akiwa ameugua, wakapewa chumba kimoja.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, dirisha la nondo, na mlango uliofungwa kwa kufuli kwa nje kila jioni na kila mara wahudumu walipokuwa wachache. Brigitha hakuogopa giza wala wagonjwa wenzake, aliogopa mlio wa kufuli, na akiusikia alikunja miguu kitandani akisikiliza nyayo za mwenye ufunguo zikienda mbali. Kila Justa alipokwenda kumsalimia, mama aliuliza kabla ya kuitikia shikamoo, "Ufunguo anao nani?"

Krismasi alipewa ruhusa, akaja kulala hapa, akamwomba Octavian ampigilie komeo mlangoni, kwa ndani, akawa analifunga na kulifungua, Octavian akamtania, "Dada, utalimaliza hilo komeo kabla hujalala," naye akacheka, akalala mpaka jua likawa kali.

Februari mwaka huu walikuja wakaguzi kwenye nyumba ile, na kwa kuwa habari za ujio wao zilitangulia, shuka mpya zilitandikwa, milango ikaachwa wazi, kufuli hazikuonekana, wakauliza habari za chakula na dawa, wakaridhika. Brigitha aliwafuata hadi kwenye gari akawauliza swali lake, msimamizi akacheka akasema, "Mama Justa huyo, wimbo wake ndio huo huo," wageni nao wakacheka, na wiki ile dozi yake ikaongezwa, kwa maelezo kwamba kuogopa mlango ni dalili ya ugonjwa kupanda.

Nyote mnajua kwamba mpunga ukianza kukomaa kila mtu huhamia shambani kuamia ndege, na wahudumu wa nyumba ile nao wana mashamba. Asubuhi ya tarehe 22 Aprili mhudumu pekee aliyebaki alifunga milango, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akaenda kufukuza ndege akikusudia kurudi mapema, mvua kubwa ikamkuta ng'ambo ya mto, mto ukafurika, asiweze kuvuka. Maji yalipita chini ya mlango, yakafika kwenye magodoro, Brigitha akampandisha Salha juu ya ubao wa kitanda, yeye akabaki majini akigonga mlango na kuwaita kwa majina wote waliowahi kushika ufunguo ule, mmoja baada ya mwingine, na Salha anasema alipowamaliza alianza upya.

Aliyesikia ni Bwanaheri, fundi pikipiki, jirani wa nyumba ile, akaja na mtaimbo akang'oa nondo, akamtoa Salha kwanza, kwa sababu Brigitha alikataa kutangulia. Alilazwa hospitalini siku ile ile, akashikwa na homa ya mapafu, akaomba mlango wa wodi usifungwe, na tarehe 3 Mei 2025, mchana, alifariki akiwa ameshikwa mkono na Justa.

Familia inawashukuru madaktari, na wauguzi walioacha mlango ule wazi hata upepo ulipowasumbua, inawashukuru majirani wa Lipangalala, mafundi wenzake wa Kibaoni, na Bwanaheri, ambaye hatuna cha kumlipa. Na ninyi wenye ndugu katika nyumba yoyote ya matunzo, tunawaomba mwende siku ambayo hamtarajiwi, mwulize ufunguo anao nani, na akienda shambani anamwachia nani.

Salha yuko hapa, amekaa mkekani karibu na Justa, na tangu asubuhi anauliza gari lililomleta, ambalo linasubiri pale barabarani, litamrudisha saa ngapi kwenye chumba kile, ambacho kimeshapigiliwa nondo mpya. Kaka Abdulnasir, tunajua nyumbani kwako hakuna wa kukaa naye duka likiwa wazi, ndiyo maana tunakuomba mbele ya watu wote, ukiridhia, mwache alale hapa, kitanda cha mama kimetandikwa, Justa atamwangalia, mlango ameshaonyeshwa, ameufunga na kuufungua mwenyewe.

Pumzika kwa amani, mama, komeo liko ndani.