Fundi Kipo na Chumba cha Falsafa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, fundi seremala wa chuo chetu, ambaye sote tunamwita Fundi Kipo, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni. Wapo wanaoandika vizuri kuliko mimi mpika chai wa kantini, lakini kazi hii nimepewa mimi kwa sababu binti yangu ni mwenyekiti wa Klabu ya Falsafa. Ndiyo, mwenyekiti. Kwa kura, tena aliwabwaga wavulana wawili.

Hakuna dawati chuoni hapa ambalo halijapita mikononi mwa Fundi. Alipotengeneza droo ya meza ya mkuu wa chuo, katibu muhtasi alishinda akiifungua na kuifunga kwa raha tu.

Jina la Kipo alilipata kwa kosa. Miaka mitatu iliyopita, klabu ilibandika tangazo la mjadala kwenye mlango wa ukumbi mdogo: "Je, kiti hiki kipo?" Mwandiko wa binti yangu huo, utadhani umechapwa. Fundi akadhani kuna kiti kimepotea. Alhamisi jioni, mjadala umepamba moto, akaingia na kiti begani akitangaza, "Kipo! Nani alikuwa anakitafuta?" Vijana walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti alichokuwa akiapa kwamba hakipo.

Walipomweleza kwamba lile ni swali la falsafa, kama kiti unachokiona kipo kweli, Fundi alikasirika hasa. Akaketi abishane nao, akashindwa. Alhamisi iliyofuata akarudi, akashindwa tena. Tangu hapo hajashinda hoja hata moja, wala hajakosa mkutano. Siku walipojadili kama kiti kilichobadilishwa miguu, mgongo na kikalio bado ni kile kile, alinuna wiki nzima. Viti vya namna hiyo ndivyo alivyovitengeneza maisha yake yote!

Wapiga ngoma wa chuo walipochukua ukumbi, Fundi ndiye aliyewapa wanafalsafa stoo ya viti vibovu nyuma ya karakana yake. Akapaka rangi, akapigilia rafu za vitabu ukutani, akatundika taa. Binti yangu akaingia humo mwanachama wa kawaida, akatoka kiongozi.

Mwezi uliopita tukasikia kwamba Fundi akiondoka, stoo itawekwa mafaili. Binti yangu, ambaye halii ovyo, alikuja jikoni akalia kando ya sufuria yangu ya chai. Klabu bila chumba ingekufa kabla ya muhula kwisha.

Kamati ya kuaga ikamuuliza Fundi anataka zawadi gani, saa ya ukutani au sanduku la safari. Akasema saa anazo na safari hana. Watoto waachiwe chumba chao. Wakubwa wakaguna. Afisa majengo, mama asiyecheka na mtu, akaenda kukagua mwenyewe. Mlangoni akakuta tangazo jipya: "Je, chumba hiki kipo?" Akalisoma, akatoa kalamu nyekundu, akaandika chini yake neno moja: Kipo. Kisha akagonga muhuri.

Fundi wetu, asante kwa kila msumari na kila hoja uliyoshindwa. Kapumzike kwa afya na furaha, na shemeji yetu akuvumilie sasa unaposhinda nyumbani. Ila Alhamisi usitutoroke. Chai naleta mimi, mwenyekiti ni mwanangu, na kiti chako kipo.